Noti za kurithiana au kitabu? Zimebaki wiki sita mtihani wa kaunsili

BintiLangoni – Jumanne, saa tatu usiku

Asalaam aleikum wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, masomo nimemaliza, nangojea mtihani wa kaunsili ya wauguzi, ule wa kupewa leseni. Chuo kiko bara. Jina lake nitalimeza, maana nna mawili matatu ya kulalamika na cheti bado kiko mikononi mwao. Kwa sasa niko nyumbani Lamu, huku Langoni, nimekuja kusoma nikidhani nitapata utulivu. Bibi yangu haamini kwamba mtu anaweza kusoma kimya. Kila akipita na birika lake ananiambia, "Soma kwa sauti, nisikie kama kweli." Leo nimemsomea ratiba ya chanjo za watoto mpaka amesinzia kwenye mkeka.

Shida yangu ni hii. Nna mafungu mawili mbele yangu na wiki sita tu.

Fungu la kwanza ni noti. Si zangu. Nilizirithi kwa dada mmoja aliyenitangulia, naye alizirithi kwa mwingine, na huyo mwingine Mungu ndiye ajuaye alizitoa wapi. Ni kopi ya kopi ya kopi. Mna miandiko mitatu tofauti, na ukurasa wa kuvuja damu baada ya kuzaa una duara la kikombe cha chai, nalo limepigwa kopi pamoja na maneno, kwa hiyo darasa letu zima tuna duara hilo hilo. Mahali pengine mtu ameandika kwa kalamu nzito: HII HUTOKA KILA MWAKA. Na kweli hutoka. Ndiyo maana tunazipenda. Somo zima la kisukari liko kwenye karatasi mbili, unalimaliza kabla wali haujaiva.

Fungu la pili ni kitabu, kile kikubwa cha uuguzi wa wodini. Nilikinunua mkono wa pili, kimeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa nailoni. Pale Mokowe hamali alinyanyua begi langu akaniuliza kama nimebeba vigae. Kitabu cha ukunga sina. Hicho nilikuwa nakisoma maktaba, ambako nakala zilikuwa mbili kwa darasa zima, na moja kati ya hizo kurasa za mapacha zimechanwa. Mtu alizichana akaenda nazo. Nimemsamehe lakini sijamsahau.

Ningekuwa nazisoma noti bila wasiwasi wowote kama si kisa cha sindano.

Muhula uliopita tuliulizwa kipimo cha chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, kwa mtoto mchanga. Nikaandika kwa mbwembwe: mililita 0.5. Ndivyo noti zilivyosema, nami nilikuwa nimeihifadhi kama jina langu. Wiki mbili baadaye nimepelekwa mazoezini kliniki ya watoto, sista ananipa sindano ya BCG nichome mtoto wa kwanza. Nikaishika. Kijisindano chembamba, kifupi, utadhani cha kuchezea. Nikaanza kukigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha natafuta alama ya 0.5. Hakuna. Sista akaniuliza, "Umeangusha nini?" Nikamwambia natafuta alama. Akanionesha: hicho kimetengenezwa kwa kipimo kimoja tu, 0.05, ukitaka kuzidisha hakina nafasi ya kuzidishia. Mama wa mtoto ananitazama. Mtoto ananitazama. Nilichoma, ngozi ya mkono wa kushoto, kinundu kikainuka vizuri, lakini masikio yangu yalikuwa ya moto mpaka adhuhuri.

Jioni nikaazima noti za mwenzangu, kopi ya zamani kuliko yangu. Imeandikwa 0.05. Ile sufuri ya pili ipo, hafifu kama uzi. Kwenye yangu imeyeyuka. Tena imeyeyuka pabaya, kwa sababu 0.5 ndicho kipimo cha pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano ya pajani, kwa hiyo jicho linaliona na kuridhika.

Tangu hapo kila nikifungua noti nasikia kama mtu ananiongopea na sijui ni mstari upi. Lakini kitabu nacho kwa wiki sita ni kuinywa bahari. Na nyumbani umeme ukikatika nna simu tu, na simu ina pidiefu ambayo ukiikuza maneno unapoteza mstari.

Waliofanya mtihani: mlisoma nini? Niambieni ukweli, si ushauri wa kwenye mabango.

---

MtotoWaBarani – Jumanne, saa nne na robo usiku

Waleikum salaam dadangu. Malindi hapa. Nimefanya mtihani, nimefaulu, nna namba yangu na nachoma sindano kihalali. Nimefaulu kwa noti. Sitaki kumdanganya mtu.

Kitabu nilikuwa nacho. Nilikitumia kama mto nikiwa zamu ya usiku mazoezini, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri. Watu wanaokwambia "soma kitabu chote" wengi wao hawakukisoma. Waulize ukurasa wa mia saba una nini. Noti zinakuonesha mtihani unavyouliza. Kitabu kinaeleza ugonjwa kama mtu mwenye muda, mtahini anataka vitu vitano na alama tano. Hiyo lugha ya vitu vitano hutaipata kitabuni.

Tulikuwa kikundi cha watu wanne, tunakutana kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi, mmoja anauliza kutoka mitihani iliyopita, watatu wanajibu, aliyekosa analipa chai. Mimi nimelipa chai nyingi sana.

Ila kuna pahali noti zilinipiga kofi, na nitalisema kwa sababu umetaka ukweli. Hesabu ya dripu. Noti zetu zilikuwa na njia ya mkato: chukua mililita kwa saa, gawanya kwa 3, hayo ndiyo matone kwa dakika. Lita moja kwa saa 8 ni 125 kwa saa, gawa kwa 3, matone 42. Tamu kama halua. Nikaitumia mwaka mzima, nikawa naifundisha wengine. Kwenye mtihani wa ndani ikaja: mtoto, byureti (kile kichupa cha kupimia dripu ya mtoto), seti, yaani mpira wa dripu, ya matone 60 kwa mililita, apate mililita 40 kwa saa. Nikagawa kwa 3 nikaandika 13, nikapiga mstari chini mara mbili. Jibu ni 40. Mtoto wa watu nilimpa theluthi ya maji yake, na tena nilikuwa wa kwanza kutoka chumbani.

Baadaye ndiyo nikajua ile 3 inatoka wapi: dakika 60 ukizigawa kwa matone 20, ya seti ya mtu mzima. Badilisha seti, 3 imekufa. Sentensi moja hiyo, na hakuna aliyeiandika katika miaka yote hiyo ya kupiga kopi.

Lakini bado nasema noti.

---

NotiSafi254 – Jumanne, saa tano usiku

Nna noti za kaunsili, pidiefu, masomo yote, zimehakikiwa, shilingi mia tatu tu. Nitumie ujumbe wa faragha.

---

MamaWawili_Faza – Jumanne, saa tano na nusu usiku

Mimi ni wa upande wa pili, nilifeli mara ya kwanza kwa ajili ya kitabu. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, nikasema nitasoma toka mwanzo, nisiruke hata picha. Moyo nikausoma vizuri mno. Mapafu nikayasoma. Nilifika kwenye figo mtihani ukafika. Afya ya jamii sikuigusa, afya ya akili sikuigusa, na ukunga niliutegemea kwa vile nimezaa.

Mara ya pili nilisoma maswali kwanza, kisha nikawa natafuta kila swali lilipo kitabuni. Nilipita. Sasa BintiLangoni, usinunue kwa huyo wa mia tatu.

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa kumi na moja alfajiri

Mwanangu wa Langoni, waleikum salaam. Mimi nimestaafu. Usingizi wa saa hizi sina tena, leba wodi iliniondolea zamani. Nimepokea watoto wa mji huu na visiwa vyake mpaka nikapokea watoto wa wale niliowapokea.

Nimesoma kisa chako cha sindano nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Wewe bila shaka ulisoma chuo cha Kurani kabla ya kwenda shule, kwa hiyo unajua matni na sharhe. Mtoto huhifadhi matni kwanza, maneno mafupi, mengine yametungwa kwa beti ili yashike. Kisha mwalimu hukaa akayafungua kwa sharhe, neno moja moja. Aliyebaki na matni peke yake, ukimuuliza swali la pembeni hukukariria ule mstari tena toka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Mtahini anawajua watu hao. Noti zenu ni matni, na mimi sina ugomvi na matni. Lakini kitabu chochote cha dini ukifundishwa mji huu, mwalimu hukwambia nani kakitunga na yeye mwenyewe kakisoma kwa nani, mpaka nyuma huko. Noti zako umezipokea kwa nani? Kwa duara la kikombe.

Tena hazina umri. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko sufuri iliyoyeyuka. Hebu zifungue sasa hivi, mahali pa chati ya uchungu, ile karatasi ya kufuatilia mama anavyoendelea mpaka azae. Uchungu uliokolea unaanza mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita ngapi? Mimi nilifundishwa chati ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani, ikianzia 3. Mwaka 2000 wakaigeuza, uchungu wa mwanzo ukatolewa kwenye karatasi, ikaanzia 4, na ukivuka mstari wa hadhari kwa saa 4 ndipo unagota mstari wa kuchukua hatua. Tukazoea. Mwaka 2018 wakasema 5, na wakasema pia kwamba ile sentimita moja kila saa tuliyokuwa tukiwadai wanawake wote si haki kuidai kwa kila mmoja. Mwaka 2020 ikatoka karatasi mpya kabisa, ile mistari miwili ya mshazari haimo. Nimezitumia zote tatu, na ya mwisho niliishika nikiwa nahesabu miezi ya kustaafu, wasichana wadogo ndio walionifundisha. Walidhani nitaona haya. Kwa nini nione haya?

Sasa zako zinasema ngapi? Kama zinasema 3, aliyeziandika mara ya kwanza huenda ana wajukuu. Na hebu nenda kwenye kliniki ya wajawazito. Zikisema mahudhurio ni manne, basi hazijasikia kwamba tangu 2016 shirika hilo hilo linasema manane. Nenda malaria kali ya mtoto. Zikianza na kwinini, funga. Artesuneti imetangulizwa kwa watoto tangu 2011.

Kitabu nacho huzeeka, usije ukadhani namtetea mtu. Hicho chako kilichoshonwa na uzi wa nailoni, tazama ukurasa wa pili ni cha mwaka gani. Tofauti ni kwamba kitabu kimeandika mwaka wake wa kuzaliwa, unaweza kukipima.

Kijana wa Malindi kasema la maana kuliko sote bila kujua. Ile 3 yake. Noti zilimpa 3, hazikumpa ilikotoka. Nami nitakupa ya kwangu, ya kifafa cha mimba, maana hiyo hutoka kwenye mtihani na hutoka usiku wa manane pia.

Dawa ni magnesiamu salfeti. Noti zako zitakuwa na mstari: gramu 4 mshipani, gramu 10 matakoni, kisha gramu 5 kila saa 4. Mstari sahihi. Mwanafunzi anaukariri vizuri, kisha napanga vichupa mezani namwambia andaa. Anasimama. Vichupa vyetu ni vya asilimia 50. Ya mshipani inatakiwa asilimia 20. Mkono unatetemeka, mgonjwa anatupa miguu, mume yuko mlangoni anasoma dua, na mstari wa noti hauna hesabu ndani yake. Basi hesabu ni hii: gramu 4 za asilimia 50 ni mililita 8. Ongeza maji safi ya sindano mililita 12, zimekuwa 20, na sasa ni asilimia 20. Unaisukuma polepole, si chini ya dakika 5. Ya matakoni huizimui, gramu 5 ni mililita 10 kila upande, ndani ya msuli, pamoja na mililita moja ya lignokeni, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 kwenye sindano hiyo hiyo, maana inauma kama moto. Ukielewa kwamba asilimia 50 ni nusu gramu kwa kila mililita, huhitaji kukariri 8 wala 12, utazitoa kichwani hata ukiwa umekurupushwa usingizini.

Halafu kuna goti, lile unaligonga uone kama mguu unashtuka. Noti zitakwambia "pima goti kabla ya kurudia dozi". Wanafunzi hulipima kama wanavyopiga hodi, kwa sababu wameambiwa. Dawa hii inalegeza. Ikizidi mwilini goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata. Goti ndilo linalokuletea habari mapema. Mtu akijua hilo haachi kulipima, hata kama zamu nzima yuko peke yake na vitanda vimejaa.

Wiki sita zinatosha, mwanangu. Usisome kitabu kama msahafu, toka Fatiha mpaka Nasi; mwenzako wa Faza keshakwambia alikofikia. Chukua mada moja ya kwenye noti. Zifunge. Andika unayoyajua kwenye daftari lako mwenyewe, kwa mkono wako. Kisha jiulize kwa nini kwenye kila mstari, na pale utakaponyamaza ndipo ufungue kitabu, hapo tu, kurasa tatu au nne. Utakachokipata kiandike kwa maneno yako, na ukurasa uliokitoa. Kwenye vipimo vya dawa na chanjo usiamini karatasi yoyote iliyopigwa kopi mpaka umeipatanisha na kitabu au mwongozo wa wizara. Na usiku umeme ukikatika, msomee bibi yako kwa sauti. Yuko sawa huyo. Penye kigugumizi ndipo hujapajua.

Kitabu cha ukunga ninacho, cha karibuni, binti yangu aliniletea nikiwa karibu kustaafu. Njoo ukichukue baada ya alasiri, uliza nyumba ya Bi Mkunga, punda wote wa Mkomani wanaijua. Lakini kwanza unijibu hapa. Kabla ya kurudia magnesiamu unatazama vitu vitatu. Goti nimekupa. Mawili ni yapi?

Na wewe wa shilingi mia tatu, zimehakikiwa na nani?

---

NotiSafi254 – Jumatano, saa mbili asubuhi

Na waliofaulu, mama.

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa mbili na dakika tano

BCG ya mtoto mchanga kwenye zako ni ngapi?

---

NotiSafi254 – Jumatano, saa tatu kasoro

Ni 0.05 mama. Shukran. Ilikuwa 0.5, nimerekebisha sasa hivi.

---

MtotoWaBarani – Jumatano, saa tatu asubuhi

Huyu ameuza ngapi kabla ya kurekebisha? Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha nne ameniuliza kulikoni.

Bi Mkunga shikamoo. Nimekubali nusu. Bado nasema kikundi na mitihani iliyopita, lakini ile ya kuandika ukurasa pembeni nimeipenda. Mimi za kwangu nilimrithisha mdogo wangu wiki jana tu, na ndani mna ile "gawa kwa 3". Naenda kumpigia simu.

---

BintiLangoni – Jumatano, saa kumi jioni

Bi Mkunga, shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, maji yalikuwa yametoka na siku ya maji hakuna kusoma.

Nimefanya ulivyosema. Chati ya uchungu kwenye noti zangu inaanzia 3. Wajukuu kweli. Mahudhurio ya kliniki ni manne. Malaria kali wameanza na kwinini, na pembeni mtu ameongeza "artesuneti??" kwa penseli, alama mbili za kuuliza, ameacha hapo hapo. Huyo mtu namwonea huruma, aliona kitu akakosa wa kumuuliza.

Nikachukua ukurasa wenye duara, kuvuja damu baada ya kuzaa. Nikaufunga nikaandika: damu mililita 500 au zaidi baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli mtoto akishatoka, sugua mfuko wa uzazi, kibofu kitolewe mkojo. Nikafika hapo nikajiuliza kwa nini kibofu. Nikanyamaza. Mwaka mzima nimeandika "toa mkojo" kwenye majibu na kupewa alama, na sikuwahi kujiuliza mkojo unahusu nini na damu. Kitabu cha wodini kimenipa mistari minne tu, lakini imetosha: kibofu kikijaa kinauinua mfuko wa uzazi na kuusukuma upande, hauwezi kujikaza, na usipojikaza mishipa pale palipobanduka kondo inabaki wazi. Nikamweleza bibi. Akaniambia, "Hilo mbona hata mimi nalijua, wakunga wetu walikuwa hawakuachi ulale kabla hujakojoa." Sasa sijui nimesoma miaka yote hiyo kwa ajili gani.

Jibu lako: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Na mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa kwa zile saa 4 zilizopita. Mkojo nimeutafutia na sababu yake kabla hujaniuliza: dawa inatoka mwilini kwa figo, na mkojo ukipungua inabaki inajazana.

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa kumi na moja jioni

Marahaba. Umepata. Na ikishajazana, pumzi zimeshuka 10, unafanya nini?

---

BintiLangoni – Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini

Nasimamisha dawa, naita msaada, namsaidia kupumua, nampa dawa ya kuizima magnesiamu, kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, mshipani, polepole. Hii ipo kwenye noti na ipo kwenye kitabu, zimepatana.

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa kumi na moja na nusu

Iko wapi?

---

BintiLangoni – Jumatano, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano

Nini, Bi?

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa kumi na moja na dakika arubaini

Hiyo kalsiamu. Ni saa nane usiku, mgonjwa ameacha kupumua, stoo ya dawa imefungwa na mwenye funguo amelala. Iko wapi?

---

BintiLangoni – Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo

Noti hazisemi. Na kitabu nimekifungua mara mbili, hakisemi.

---

BiMkunga_Mkomani – Jumatano, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi

Kwenye trei, kando ya kitanda, na bomba lake la sindano, kabla hujavuta magnesiamu ya kwanza. Iandike kwenye daftari lako, kisha uje na kikapu. Hiki kitabu ni kizito kuliko hicho chako cha vigae.